Hesabu ya Kinachovuka

Mvua ikinyesha Tunduma, maji huujua mpaka kuliko ofisa wa forodha. Tone linaloangukia upande mmoja wa kigongo hutafuta Mto Momba na kuishia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji. Tone lililoanguka hatua chache upande wa pili hushika njia ya Mto Chambeshi, likapita mabwawa ya Bangweulu, likaingia Luapula, likaungana na Kongo na hatimaye kumwagika bahari ya Atlantiki. Juu ya kigongo chenyewe hakuna tone linalovuka.

Hilo halikutokea kwa bahati. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba uliogawana sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Ni mkataba ule ule ambao Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, ikapewa kisiwa cha Heligoland. Kwa upande wetu wa kusini-magharibi, mkataba ulisema mpaka upande Mto Songwe kutoka Ziwa Nyasa hadi nyuzi 33 za longitudo ya mashariki, kisha ufuate ukingo wa bonde la Kongo, yaani kigongo kinachogawa maji, hadi nyuzi 32. Tunduma ipo katikati ya namba hizo mbili. Mstari wake ulichorwa mezani kwa kanuni moja: pita pale ambapo maji hayapiti.

Nimekuja kuiona kanuni hiyo kama jibu la swali la Fizikia. Katika masomo ya Kidato cha Tano na Sita kuna fomula fupi, Φ = EA cos θ, inayotoa fluksi ya umeme kupitia uso bapa ulioinama. E ni ukubwa wa uga wa umeme. A ni eneo la uso. θ ni pembe kati ya uga na mshale unaochomoza kwenye uso huo kwa pembe mraba. Wanafunzi huikariri, wanaweka namba, wanabonyeza kikokotoo, wanapata alama. Nimewasaidia baadhi yao hapa Songwe kujiandaa na mtihani, na nimegundua kwamba ukiwauliza fluksi ni nini, si inakokotolewaje bali ni nini, chumba hunyamaza. Ukiwauliza ni maji kiasi gani yataingia kwenye ndoo ukiilaza ubavu wakati wa mvua, wote wanataka kujibu kwa pamoja.

Maswali hayo mawili ni ndugu, na udugu wao una historia inayojulikana, yenye majina na miaka.

Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini, na maana yake ni kutiririka. Aliyelipa kazi ya kihesabu ni Mfaransa Joseph Fourier, mtu aliyewahi kufuatana na jeshi la Napoleon hadi Misri mwaka 1798. Katika kitabu chake cha 1822 kuhusu joto, Fourier hakujishughulisha sana na swali la joto ni kitu gani. Alijiuliza swali la karani wa ghala: katika dakika moja, joto kiasi gani linavuka kipande hiki cha uso? Ukijua kiasi kinachovuka kila uso, unaweza kujua kila sehemu ya chuma itakuwa na joto gani kesho. Fluksi ilizaliwa kama hesabu ya mlangoni.

Miaka 20 baadaye, kijana wa miaka 17 aliyeitwa William Thomson, ambaye dunia ingekuja kumjua kama Lord Kelvin, aliona jambo la kushangaza. Hesabu za Fourier za joto zilifanana mstari kwa mstari na hesabu za mvutano wa chaji za umeme. Mwaka 1842 alichapisha makala kuonyesha kwamba pale Fourier anapoandika chanzo cha joto, wewe andika chaji, na majibu yatabaki sahihi. Joto husafiri kweli kutoka moto kwenda baridi. Nguvu ya umeme iliyotulia haisafiri kwenda popote. Hata hivyo hesabu haikujali tofauti hiyo.

Wakati huo huo mtu mwingine alikuwa akifikia jambo hilo hilo kwa njia isiyo na hesabu hata kidogo. Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791, mtoto wa mhunzi wa London. Alisoma shule kidogo tu, akawekwa kuwa mwanagenzi wa fundi wa kujalidi vitabu, na elimu yake ya sayansi aliianza kwa kusoma vitabu alivyokuwa akivishona. Aljebra ilimpita pembeni maisha yake yote. Alichokuwa nacho ni jicho. Alinyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi yenye sumaku chini yake, akaona unga unajipanga kama nywele zilizochanwa, na akakataa kuamini kwamba mistari ile ni pambo tu. Aliita mistari ya nguvu. Kwake, uga wenye nguvu ni mahali ambapo mistari imesongamana, na uga dhaifu ni mahali ambapo imetawanyika. Ukitaka kujua nguvu iliyopita kwenye kipande cha uso, hesabu mistari inayokipenya.

Wanahisabati wengi wa wakati wake waliyaona mawazo hayo kama mazungumzo ya fundi. Aliyeyachukulia kwa uzito ni Mskoti James Clerk Maxwell, aliyekuwa na miaka 24 aliposoma mbele ya wanazuoni wa Cambridge, Desemba 1855, sehemu ya kwanza ya makala yake kuhusu mistari ya nguvu ya Faraday. Maxwell aliifikiria mistari hiyo kama mabomba membamba yaliyojaa kimiminika kisichobanika. Palipo na bomba jembamba, kimiminika hupita kwa kasi. Palipo pana, hupita polepole. Lakini kiasi kinachopita ni kile kile. Alikuwa mwangalifu kueleza kwamba kimiminika hicho ni cha kufikirika, hakipo hata tone. Kilikuwa kamba ya kushikia akili mpaka hesabu isimame yenyewe.

Hapa ndipo mwanafunzi anapohitaji kuambiwa ukweli ambao fomula haisemi: katika fluksi ya umeme hakuna kinachotiririka. Mkondo wa umeme kwenye waya ni jambo lingine. Pale chaji zinasafiri kweli. Fluksi ya uga uliotulia ni hesabu ya mistari tuliyoichora sisi, ikivuka uso tulioufikiria sisi. Jina limebaki la mto, ingawa mto wenyewe haukuwapo.

Mwaka 1857 Faraday na Maxwell waliandikiana barua. Faraday, akiwa na umri wa miaka 65, alikiri kwamba alipoona wingi wa hesabu zilizomwagwa juu ya somo lake alikaribia kuogopa, kisha akashangaa jinsi somo lilivyozistahimili. Baadaye mwaka huo akaomba jambo moja. Mtaalamu wa hesabu akishafika kwenye majibu yake, je, hawezi kuyasema kwa lugha ya kawaida, kwa ukamilifu ule ule, ili na wale wanaofanya kazi kwa mikono na majaribio waweze kuyatumia? Barua hiyo naiweka akiba. Nitaihitaji nikifika kwenye madarasa yetu.

Kwanza tuinamishe uso.

Chukua fremu ya dirisha isiyo na kioo, yenye eneo la mita za mraba 2, uisimamishe kwenye uwanja ulio wazi nje ya mji, siku ya Julai isiyo na wingu. Huoni kitu, lakini upo ndani ya uga wa umeme. Hewa ya siku tulivu, karibu na ardhi, ina uga wa takriban volti 100 kwa kila mita, unaoelekea chini. Anayeuweka hapo ni radi ya mahali pengine. Katika miaka ya 1920 Mskoti C. T. R. Wilson alitoa hoja kwamba mvua za radi za dunia nzima ndizo zinazoipa ardhi chaji yake hasi na anga la juu chaji chanya. Vipimo vya meli ya utafiti iliyoitwa Carnegie, iliyozunguka bahari kuu hadi ilipoungua mwaka 1929, vilionyesha kwamba uga huo hupanda na kushuka kwa saa zile zile dunia nzima, kwa kufuata saa ambazo mawingu ya radi ya Asia, Afrika na Amerika yanapamba moto. Kwa hiyo hata mchana mkavu wa Tunduma umebeba alama ya ngurumo zilizopigwa mbali.

Laza fremu iwe sambamba na ardhi. Mistari ya uga inashuka moja kwa moja na kuipenya yote: 100 mara 2, fluksi ni volti-mita 200. Sasa iinamishe nyuzi 60 kutoka pale ilipolala. Fremu haijapungua, ni ile ile ya mita za mraba 2. Lakini ukiitazama kutoka juu, kwa jicho la mstari unaoshuka, inaonekana nyembamba, nusu ya upana wake. Kosine ya nyuzi 60 ni nusu. Fluksi imeshuka hadi 100. Isimamishe wima kabisa, na mistari yote itapita pembeni yake, sambamba nayo, bila hata mmoja kuipenya. Kosine ya nyuzi 90 ni sifuri. Kosine haifanyi muujiza wowote hapo. Inajibu tu kwamba, machoni pa kile kinachokuja, uso huu una ukubwa gani.

Mtego wa mtihani upo kwenye pembe. Swali likisema fremu inafanya pembe ya nyuzi 30 na uga, mwenye haraka huandika kosine ya 30 na kupata 173. Lakini θ hupimwa kutoka kwenye mshale unaochomoza kwenye uso, siyo kutoka kwenye uso wenyewe. Fremu iliyo nyuzi 30 kutoka kwenye uga ina mshale ulio nyuzi 60 kutoka kwenye uga, na jibu ni 100. Mshale huo unaweza pia kuelekezwa upande wowote kati ya miwili. Ukiamua kuuelekeza juu, ilhali uga unashuka, fluksi inakuwa hasi. Anga halijabadilika, wewe ndiye uliyeamua upande gani uitwe nje. Wakazi wa mpakani hawahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Gunia lile lile la mchele ni bidhaa iliyotoka katika daftari la Tunduma na bidhaa iliyoingia katika daftari la Nakonde, mji pacha wa upande wa Zambia.

Aliyeipa hesabu hii kanuni yake kubwa kuliko zote alikuwa Carl Friedrich Gauss, na watu husahau kwamba Gauss alikuwa pia mpima ardhi. Katika miaka ya 1820 alitembea kwenye vilima na nyanda za ufalme wa Hannover akipima pembetatu, na mwaka 1821 akabuni heliotropi, kifaa chenye kioo kinachoinamishwa ili kirushe mwanga wa jua hadi kwenye kituo cha kupimia kilicho mbali. Mtu aliyeshinda juani akigeuza kioo nyuzi moja huku na nyuzi moja kule alijua mwinamo wa uso una thamani gani. Fundi wa upimaji anayevuta mnyororo kwenye mteremko hutumia kosine kila siku: urefu wa mteremko akiuzidisha kwa kosine ya mwinamo anapata urefu unaoingia kwenye ramani.

Mwaka 1898 wapima ardhi walifika kwenye nyanda za kati ya Ziwa Nyasa na Tanganyika. Ilikuwa tume ya pamoja ya Waingereza na Wajerumani. Upande wa Waingereza uliongozwa na Charles Close, aliyekuja baadaye kuwa mkuu wa idara ya ramani ya Uingereza. Kazi yao ilikuwa kuyashusha ardhini maneno yaliyoandikwa Berlin miaka minane kabla. Kigongo kinachogawa maji ni rahisi kukiandika na kigumu kukiona, maana katika nyanda zilizo karibu tambarare hata maji hukawia kuamua. Waliweka bikoni, na makubaliano ya mwaka 1901 yakaupa mstari sura yake ya kisheria. Si kila hatua ya mpaka wa leo hukaa juu ya kigongo hasa, lakini wazo la Berlin lilibaki: uso mwembamba usio na unene, uliosimamishwa kati ya watu waliokuwa wakiishi pande zote mbili. Wanyamwanga walikuwapo huku na huku kabla ya bikoni, na wapo huku na huku hadi leo.

Uso wa Gauss nao ni hivyo hivyo. Hautengenezwi kwa bati wala mbao. Ni mpaka wa kufikirika ambao mtu anauchora ili apate mahali pa kuhesabia. Tofauti ni kwamba uso wa Gauss hausimamishi chochote, na ukimaliza hesabu unaufuta.

Mwaka 1965 ulionyesha nini hutokea uga unapogeuka huku uso ukibaki palepale. Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, shaba yake na mafuta yake vilikuwa vikipita hasa kusini, kwa reli za Rhodesia. Mistari ya biashara kubwa ilipita mbali na Tunduma. Mpaka ulikuwapo, eneo lake lilikuwapo, lakini kiasi kilichoupenya kilikuwa kidogo. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru, na njia ya kusini ikawa ya mashaka. Ghafla malori ya mafuta yakaanza kushuka kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma, kwenye barabara ya vumbi na tope ambayo madereva waliipa jina la jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710, lilianza kupeleka mafuta hadi Ndola. Kisha Wachina, Watanzania na Wazambia wakajenga reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Mstari uliochaguliwa kwa sababu hakuna tone linaloukata sasa ulikatwa na barabara, bomba na reli, vyote vikielekea kuupenya. Bikoni hazikusogezwa. Kilichobadilika ni θ.

Leo malori hupanga foleni ndefu, na tangu Oktoba 2019 kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kinafanya kazi ya kuwahesabu wanaovuka mara moja badala ya mara mbili. Umeme wenyewe pia unapangiwa kuvuka. Kwa miaka mingi Sumbawanga imekuwa ikinunuliwa umeme kutoka Zambia, na mradi wa TAZA ni wa laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ili gridi ya Tanzania iungane na ile ya kusini mwa Afrika.

Hapa kanuni ya Gauss ina jambo zito la kutuambia. Inasema hivi: ukiuzungushia uso uliofungwa mahali fulani, kama mfuko usio na tundu, kisha ukajumlisha fluksi yote inayotoka na kutoa inayoingia, utapata kiasi kinacholingana na chaji iliyomo ndani. Mistari inayotoka nje, ikaingia upande mmoja na kutokea upande mwingine, haiongezi kitu kwenye jumla. Inaweza kuwa elfu, inaweza kuwa mnene kiasi cha kutisha. Jumla yake ni sifuri. Kinachohesabika ni mistari iliyoanzia ndani.

Sasa uzungushie Mkoa wa Songwe mfuko huo. Mkoa huu uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016 hupenda kujitaja kwa malori yake, na ni kweli, anayesimama barabarani Tunduma anaona utajiri ukipita usiku na mchana. Lakini shaba ya Zambia na Kongo inaingia Tunduma na kutoka upande wa Mbeya. Mafuta yanaingia upande wa Mbeya na kutoka Tunduma. Katika jumla ya Gauss, hivyo vyote ni sifuri. Kinachobaki upande wa chanya ni kahawa ya Mbozi, mahindi ya nyanda zake, na kile ambacho watu wa hapa wameongeza kwa mikono yao. Mfano una mipaka yake, maana lori likipita huacha ushuru, nauli ya kulala na bei ya chakula. Lakini swali linalouacha ni zuri kwa kijana yeyote wa mji wa njiani: katika vyote ninavyoviona vikipita, ni kipi kimeanzia hapa?

Kuna na watu ambao hesabu haiwaoni. Mama anayeuza karanga kwenye mtaa unaoambatana na mpaka anaweza kutembea kilometa nyingi kwa siku, beseni kichwani, jua likimchoma. Anatembea sambamba na mstari. Pembe yake na mshale wa mpaka ni nyuzi 90, na daftari la forodha linaandika sifuri, sawa na fremu iliyosimama wima. Sifuri hiyo haisemi kwamba hakuna mwendo. Inasema kwamba uso tuliochagua kupimia hauelekei mwendo huo. Wanaovuka kwa njia za panya nao hawaandikwi, kwa sababu uso wa ofisi una tundu. Nadhani kila anayesoma takwimu za mipakani angepaswa kufundishwa kwanza kosine ya 90.

Na kosine ina bei hata mbali na mpaka. Tunduma ipo karibu nyuzi 9.3 kusini mwa ikweta. Tarehe 21 Juni, saa sita mchana, jua huwa limesogea nyuzi 32.7 kaskazini ya utosi. Chukua nyumba mbili za kijijini Momba, kila moja ina bati lililoinama nyuzi 20, na juu ya kila bati kuna paneli ya sola. Moja imewekwa upande wa paa unaotazama kaskazini, nyingine upande unaotazama kusini. Tuseme mita ya mraba iliyolikabili jua sawasawa hupokea wati 1,000 za mwanga. Paneli ya kaskazini ipo nyuzi 12.7 tu kutoka kulikabili jua. Hupokea wati 976 hivi. Ile ya kusini ipo nyuzi 52.7, hupokea 606. Paneli ni za bei moja, betri ni moja, jua ni moja. Tofauti ya wati 370 kwa kila mita ya mraba imetokana na upande wa paa peke yake, katika miezi ambayo anga ni safi na mwanga ni mwingi. Desemba paneli ya kusini hujibu mapigo, maana jua linakuwa upande wake, ila Desemba kuna mawingu. Fluksi ya mwanga si fluksi ya umeme, lakini kosine ni ile ile, na fundi anayeielewa humwokolea mteja fedha bila kununua kifaa chochote cha ziada.

Sasa barua ya Faraday. Fundi huyo wa sola huenda alikaa darasani mbele ya fomula hii au ndugu yake, ikasemwa kwa Kiingereza, akainakili kwa Kiingereza, akaiacha mlangoni alipotoka. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kazi ya miaka ya watu walioamini kwamba maneno yanaweza kupatikana. Sera ya elimu ya 2014 ilifungua tena mlango ambao ulikuwa umefungwa. Hata hivyo Fizikia ya Kidato cha Sita imeendelea kufundishwa kwa Kiingereza.

Sisemi tukifute Kiingereza. Maxwell naye aliandika hesabu, na Faraday hakumwomba azifute. Aliomba kwamba jibu likishapatikana, lisemwe tena kwa lugha ambayo mjalidi vitabu anaweza kuifanyia kazi. Mwanafunzi wa Vwawa au Tunduma ana lugha hiyo tayari. Ana ndoo na mvua, bati na jua, mpaka na foleni. Anajua kigongo ambapo maji hayavuki. Anayehitajika ni mwalimu wa kumwambia kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwa Fourier alipohesabu joto, na kichwani mwa Maxwell alipojaza mabomba yake kwa kimiminika kisichokuwapo. Akishaambiwa hivyo, mpe fremu yake ya mita za mraba 2, uga wa volti 100 kwa mita, na mwinamo wa nyuzi 60. Muulize kwanza, kabla ya kikokotoo: ukitazama kutoka juu, fremu inaonekana kubwa kiasi gani? Atasema nusu. Sehemu ngumu ya hesabu itakuwa imeisha.